Nani apimwe uzito wa mifupa? Barua ya wazi kwa kliniki za mifupa na mifuko ya bima ya afya

Kwa wasimamizi wa kliniki za mifupa, waganga wafawidhi wa hospitali na wakurugenzi wa mifuko ya bima ya afya, Tanzania na Kenya:

Osteoporosisi ni hali ya mifupa kupungukiwa madini na kuharibika kwa ndani, hadi ikawa inavunjika kwa jambo dogo: kuteleza bafuni, kujikwaa kizingitini, kunyanyua ndoo ya maji, wakati mwingine kukohoa tu. Mfupa wa namna hiyo hufanana na ukuta wa nyumba ya udongo ulioliwa na mchwa. Kwa nje umesimama, fito za ndani zimekwisha. Hauumi mpaka siku unapovunjika. Mtu anaweza kuishi na hali hiyo miaka mingi bila dalili, na kwa sababu hiyo wengi, hasa wanawake waliokwisha koma hedhi, huuliza kama inafaa wapimwe mapema. Swali ni la haki. Majibu wanayopata hayalingani: mmoja huambiwa akapime kila mwaka bila kuelezwa sababu, na mwingine, aliyevunjika mkono kwa kuanguka akiwa amesimama tu, hufungwa plasta, hupewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani bila yeyote kumuuliza habari ya mifupa yake.

Mfupa ni kitu hai. Ndani yake zimo seli zinazobomoa sehemu zilizochakaa na seli nyingine zinazojenga upya, na kazi hizo mbili huendelea maisha yote. Utotoni na ujanani ujenzi huushinda ubomoaji, na mtu hufikia kilele cha uzito wa mifupa yake kabla au karibu na umri wa miaka 30. Baada ya hapo hupungua polepole. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni ndiyo inayozizuia seli za ubomoaji. Hedhi inapokoma na homoni hiyo ikashuka, uti wa mgongo unaweza kupoteza takriban asilimia 2 ya madini yake kila mwaka kwa miaka kadhaa mfululizo. Mwanamume hana mteremko huo wa ghafla, na mifupa yake huwa minene zaidi tangu mwanzo, lakini naye hafiki miaka 75 bila kupoteza sehemu kubwa.

Mifupa inayovunjika kwanza hujulikana. Mkono huvunjika karibu na kifundo, kwa sababu mtu anayeanguka hutanguliza kiganja. Pingili za uti wa mgongo hubonyea, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Hujiona amepungua kimo, kanga inaburuta, mgongo unainama, na watu wa nyumbani husema ni uzee tu. Nyonga ndiyo mbaya kuliko zote. Hata katika nchi ambako upasuaji wa nyonga hufanyika ndani ya siku moja au mbili, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hufariki kabla ya mwaka kwisha, na wengi wa wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani. Penye upasuaji wa kungojewa wiki nyingi, mgonjwa amelala na mguu umevutwa kwa uzito, yanakuja vidonda vya kulalia, nimonia na damu kuganda katika mishipa ya miguu. Binti au mkamwana huacha kazi amuuguze. Gharama hiyo haionekani katika hesabu za mfuko wowote wa bima, lakini familia huilipa.

Kipimo kinachotumika duniani kote kuihukumu hali ya mifupa ni DEXA. Mgonjwa hulala chali juu ya meza akiwa na nguo zake, bila vifungo vya chuma, na mkono wa mashine hupita juu yake bila kumgusa. Mashine hupeleka miale ya eksirei ya nguvu mbili tofauti. Nyama na mafuta huifyonza miale hiyo kwa namna moja, mfupa kwa namna nyingine, na kutokana na tofauti hiyo kompyuta hukokotoa gramu za madini katika kila sentimita ya mraba ya mfupa. Sehemu zinazopimwa ni pingili nne za kiunoni na sehemu ya juu ya mfupa wa paja, hasa shingo yake. Mkono hupimwa pale nyonga au mgongo usipoweza kusomeka. Kazi yote huchukua dakika 10 hadi 15. Mionzi yake ni kidogo sana, chini ya ile ya picha ya kifua, inayokaribia ile ambayo mtu yeyote huipata kutoka ardhini na angani kwa siku moja tu au chache. Hofu ya mionzi, basi, si sababu ya kumzuia mtu kupimwa, isipokuwa mjamzito, ambaye hana haja ya haraka ya kipimo hiki.

Jibu hutolewa kwa alama ya T. Alama hiyo hueleza mfupa wa mgonjwa uko mbali kiasi gani na wastani wa wanawake vijana wenye afya. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka inayotumika hadi leo: kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida, kati ya −1 na −2.5 ni upungufu wa madini ambao haujafika ugonjwa, −2.5 na chini ni osteoporosisi. Kwa wanawake ambao bado wanaona hedhi, na wanaume walio chini ya miaka 50, hutumika alama ya Z, inayomlinganisha mtu na wenzake wa rika na jinsia yake. Kumpa mwanamke wa miaka 32 alama ya T na kumwambia ana osteoporosisi kwa alama hiyo peke yake ni kosa la kitaalamu, na ni kosa linaloacha hofu ya miaka mingi.

Ipo hoja ambayo kliniki za Afrika Mashariki hazina budi kuikabili waziwazi. Vijana ambao mgonjwa wa Tanga au Kisumu hulinganishwa nao, kwa kipimo cha nyonga, ni wanawake wa Kizungu wa Marekani wenye umri wa miaka 20 hadi 29. Mipaka ya 1994 nayo ilitokana na takwimu za wanawake wazungu. Isitoshe, mashine hupima eneo, haipimi ujazo, kwa hiyo mtu mwenye umbo dogo huonekana ana mifupa mepesi kuliko ilivyo kweli. Tangu 1968 mtafiti Louis Solomon alikwisha kuonyesha kwamba Waafrika wa Johannesburg walivunjika shingo ya paja mara chache mno wakilinganishwa na watu wa Ulaya. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi vijijini Gambia walieleza jambo la ajabu zaidi: wanawake wazee wa huko walikuwa na madini machache ya mifupa kuliko wenzao wa Uingereza, na bado mivunjiko ya udhaifu wa mifupa ilikuwa adimu. Kazi ya shambani na kutembea kila siku vilihesabiwa kuwa miongoni mwa sababu zinazowezekana, pamoja na umbo la mfupa wenyewe na jinsi watu wanavyoanguka. Somo la matokeo hayo halimaanishi kwamba Mwafrika hana osteoporosisi. Anayo, na kadiri watu wanavyoishi miaka mingi zaidi, wakikaa mijini na kufanya kazi za kuketi, ndivyo itakavyoonekana. Maana yake ni kwamba tarakimu iliyotoka kwenye mashine haitoshi kumhukumu mtu bila kuuliza habari zake.

Hata huko tarakimu hizo zilikotoka, hazitoshi. Katika uchunguzi mkubwa wa NORA uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2004, asilimia 82 ya wanawake waliokoma hedhi ambao walivunjika mifupa katika mwaka uliofuata walikuwa na alama iliyo juu ya −2.5 walipopimwa kwa vifaa vya kisigino, kidole au mkono. Wenye mifupa dhaifu kabisa huvunjika zaidi, kila mmoja kwa nafasi yake, lakini wenye upungufu wa wastani ni wengi mno, na kwa wingi wao ndio wanaojaza wodi. Mtu aliyeambiwa "mifupa yako mizuri" anaweza kuvunjika mwezi ujao kwa sababu ana mtoto wa jicho, anaamka mara nne usiku kwenda choo cha nje, na taa ya uani imeungua.

Kabla ya kuandika rufaa ya DEXA, basi, swali la kwanza la mganga linapaswa kuwa hili: jibu likija, litabadilisha nini? Mashine ni chache, nyingi zimo katika hospitali kubwa za mijini, na kwa mtu wa wilayani nauli na malazi vinaweza kuizidi bei ya kipimo chenyewe. Kipimo kinafaa kwa yule ambaye jibu lake litaamua apewe dawa au asipewe. Ambaye dawa anaistahili tayari hana haja ya kukisubiri, na ambaye hatapewa dawa kwa jibu lolote hana faida nacho.

Anayeistahili tayari ni nani? Ni mtu wa zaidi ya miaka 50 aliyevunjika nyonga, au pingili ya uti wa mgongo, kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe au chini ya hapo, bila ajali ya gari wala kuanguka toka mnazini, baada ya mganga kuhakikisha kwamba hakuna saratani, kifua kikuu cha mifupa wala maradhi mengine yaliyoudhoofisha mfupa mahali hapo. Ugonjwa umekwisha kujionyesha. Utafiti wa HORIZON, uliochapishwa 2007, uliwachukua wagonjwa 2,127 waliofanyiwa upasuaji wa nyonga na kuwadunga baadhi yao asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka. Waliodungwa walipata mivunjiko mipya pungufu kwa asilimia 35, na vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Wagonjwa hao hawakuchaguliwa kwa alama ya DEXA. Kigezo kilikuwa nyonga iliyovunjika. Mfuko wa bima unaodai jibu la DEXA kabla ya kulipia dawa ya mgonjwa wa namna hii unamchelewesha katika miezi ambayo hatari ya kuvunjika tena ni kubwa kuliko wakati wowote. Akipimwa, apimwe ili pawe na msingi wa kulinganisha baadaye, huku dawa ikiendelea.

Pingili zilizobonyea zinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndizo zinazopitwa. Sehemu kubwa yake, takriban theluthi mbili, hazifiki kwa daktari kama mvunjiko. Huja kama maumivu ya mgongo, au haziji kabisa. Hapa hospitali ya wilaya ina uwezo kuliko inavyojidhania. Picha ya kawaida ya eksirei ya uti wa mgongo, iliyopigwa kwa ubavu, huonyesha pingili iliyobonyea bila mashine yoyote ya ziada. Mtu mzima aliyepungua kimo kwa sentimita nne au zaidi tangu ujanani, au aliyeota kibyongo uzeeni, apigwe picha hiyo. Kimo kilichoandikwa katika kitambulisho au kadi ya zamani kinaweza kusaidia pale kumbukumbu isipotosha. Na picha ya kifua iliyopigwa kwa ubavu kutafuta nimonia isisomwe mapafu peke yake: pingili zimo humo humo, na mtaalamu wa picha aziandike katika taarifa.

Kundi la katikati, la wale ambao jibu litaamua wapewe dawa au wasipewe, ndilo linalofaidika na DEXA. Marekani, jopo la kitaifa la huduma za kinga hupendekeza kipimo kwa kila mwanamke wa miaka 65 na zaidi, na kwa aliyekoma hedhi akiwa chini ya umri huo endapo ana vihatarishi. Kwa wanaume jopo hilo limesema ushahidi hautoshi kuwapendekezea wote au kuwakataza. Pendekezo la kupima kila mwanamke wa miaka 65 linahitaji mashine kila mkoa, na kwa sasa Afrika Mashariki haiwezi kulitimiza. Ipo njia nyingine yenye ushahidi. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Sheffield kilitoa kikokotoo kiitwacho FRAX, kinachokadiria uwezekano wa mtu wa miaka 40 hadi 90 kuvunjika katika miaka kumi ijayo. Hakihitaji mashine. Huuliza umri, jinsia, uzito na kimo. Kama mtu amewahi kuvunjika, kama mzazi alivunjika nyonga. Sigara, pombe, dawa za steroidi, baridi yabisi ya viungo, na maradhi mengine yanayodhoofisha mifupa. Alama ya DEXA ikiwapo huongezwa, isipokuwapo hesabu huendelea.

Uingereza ilijaribu mpango wa kuanza na maswali hayo. Katika utafiti wa SCOOP, wanawake 12,483 wa miaka 70 hadi 85 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliulizwa maswali ya FRAX, na ni wale tu waliotokea kuwa na hatari kubwa ndio waliopelekwa DEXA. Matokeo yalichapishwa 2018. Idadi ya mivunjiko yote kwa jumla haikupungua kwa kiwango cha kuaminika, lakini mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa asilimia 28 katika miaka mitano. Nyonga ndiyo inayoua, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Na njia yenyewe, ya karatasi kwanza na mashine baadaye, inaifaa nchi yenye mashine chache kuliko inavyoifaa Uingereza. Nchi za Afrika zenye hesabu yake ya FRAX ni chache, Afrika Kusini na Botswana zikiwamo, na kutumia hesabu ya nchi nyingine kunadai tahadhari, kwani asilimia zitakazotoka si za Tanga wala za Kisumu. Lakini maswali yenyewe hayana uraia. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuyauliza kwa dakika tano.

Swali la kwanza kwa uzito ni la mvunjiko wa zamani. Mwanamke wa miaka 58 aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza jikoni hajatimiza bado kigezo cha kupewa dawa bila kupimwa, lakini nafasi yake ya kuvunjika tena imekwisha kupanda karibu mara mbili ya mwenzake. Huyu ndiye wa kupelekwa DEXA kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa sasa ndiye anayesahauliwa, maana mkono wake hupona vizuri na kliniki ya plasta humfungia faili.

Dawa za steroidi zinastahili nafasi yake. Mtu anayemeza prednisoloni miligramu 5 au zaidi kwa siku, kwa miezi mitatu au kuzidi, kwa ajili ya baridi yabisi, lupasi, pumu kali au ugonjwa wa figo, hupoteza mfupa kwa kasi kubwa kuliko yote katika miezi ya kwanza. Kipimo kikiahirishwa hadi mwaka wa pili kimechelewa. Anayetumia pampu ya pumu kwa dozi ya kawaida hayumo katika hatari hiyo, na asiiache pampu yake kwa kusikia neno steroidi. Wamo hata hivyo ambao hawajui kabisa kwamba wanameza steroidi: wanaonunua vidonge vya kunenepa madukani bila cheti, vyenye deksamethasoni ndani yake, na wazee wanaopewa mchanganyiko wa "dawa ya miguu" usio na jina. Mganga aulize kwa upole na aombe kuona pakiti.

Kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mambo mawili hukutana. Virusi vyenyewe hudhoofisha mifupa, na tenofoviri ya aina iliyomo katika kidonge cha mchanganyiko kinachotumiwa na wengi hupunguza madini kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 3, hasa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha upungufu hutulia. Faida ya dawa hiyo inaizidi hasara hiyo kwa mbali sana, na hakuna mgonjwa anayepaswa kuiacha kwa hofu ya mifupa. Kizazi kilichoanza dawa kati ya 2004 na 2010 sasa kinaingia miaka ya 50 na 60. Wanawake waliokoma hedhi na wanaume waliofikisha 50 katika kliniki za tiba na matunzo ni watu wa kuulizwa maswali ya mifupa katika mahudhurio yao ya kawaida, na penye mashine, wapimwe. Kliniki hizo zina faili, zina tarehe na zina wahudumu wanaowajua wagonjwa kwa majina. Hakuna mahali pengine katika mfumo wa afya ambapo kazi hii ingekuwa rahisi zaidi.

Wengine ni hawa, kwa ufupi: waliotolewa ovari zote mbili au waliokoma hedhi kabla ya miaka 45, wanawake wa saratani ya matiti wanaotumia letrozoli au anastrozoli, wanaume wa saratani ya tezi dume waliozimiwa homoni kwa sindano au upasuaji, wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na waliokonda sana.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huleta maswali mengi, na majibu yanayotolewa mitaani si sahihi. Ni kweli hupunguza madini ya mifupa wakati inapotumika, na mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliitilia onyo. Lakini baada ya kuachwa mfupa hurudi, kwa sehemu kubwa au wote, na Shirika la Afya Duniani haliwekei kikomo matumizi yake kwa wanawake wa miaka 18 hadi 45. Mwanamke kijana mwenye afya anayeitumia hahitaji DEXA. Vivyo hivyo mwanamke wa miaka 45 anayeumwa magoti: maumivu ya viungo si dalili ya osteoporosisi, na kumpeleka DEXA kwa sababu hiyo ni kupoteza fedha yake na nafasi ya mgonjwa mwingine.

Upimaji wa kisigino unaofanywa kwenye maonyesho, makanisani na maduka ya dawa nao usemwe wazi. Vifaa hivyo hutumia mawimbi ya sauti; vingine vimethibitishwa kukadiria hatari kwa wazee, lakini mipaka ya 1994 haikuwekwa kwa ajili yake, na jibu lake halitoshi kuanzisha dawa. Mama anayeambiwa mbele ya foleni kwamba mifupa yake imeoza, kisha akauziwa makopo ya kalsiamu ya miezi sita, amedhulumiwa. Mabaraza ya kitaaluma yanayo mamlaka ya kulisimamia jambo hili, na yanapaswa kuyatumia.

Kwa anayepimwa, ubora wa kipimo ni suala la haki yake. Mgongo wenye mabadiliko ya uzee, pingili iliyobonyea au mshipa mkuu uliojaa chokaa husomeka mzito kuliko ulivyo. Kwa wazee nyonga huaminika zaidi. Dawa nyeupe ya kunywa kabla ya picha za tumbo huharibu jibu kwa siku kadhaa. Taarifa ionyeshe sehemu zilizopimwa, gramu kwa kila moja, aina ya mashine, takwimu za marejeo zilizotumika, na alama inayolingana na umri wa mgonjwa. Mgonjwa akabidhiwe nakala. Kipimo cha pili kifanywe kwa mashine ile ile, kwani mashine mbili hazilingani, na tofauti iliyo chini ya asilimia 3 hadi 5 inaweza kuwa kuyumba kwa kipimo tu.

Kurudia kila mwaka hakuna msingi kwa walio wengi. Utafiti uliochapishwa 2012, uliofuatilia wanawake 4,957 wa miaka 67 na zaidi, ulikadiria muda unaopita kabla mmoja kati ya kumi hajafikia osteoporosisi. Kwa walioanza na alama ya juu ya −1.5 ilikuwa takriban miaka 15. Kwa walio kati ya −1.5 na −2 ilikuwa miaka mitano. Ni walio karibu kabisa na mpaka, chini ya −2, ambao muda wao ulikuwa mwaka mmoja hivi. Bima ikiandika utaratibu wake kwa kufuata hesabu hiyo, itaokoa fedha ya kuwapima wale ambao hawajawahi kupimwa. Anayemeza steroidi au kutibiwa saratani yuko nje ya hesabu hiyo, na hurudia mapema zaidi.

Jibu likiwa baya, dawa ipo. Alendroneti, ambayo siku hizi hutolewa kama kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki, ilipunguza mivunjiko ya pingili na ya nyonga kwa karibu nusu katika utafiti wa 1996 kwa wanawake ambao tayari walikuwa na pingili iliyobonyea. Utafiti mwenzake wa 1998, kwa wanawake wasio na pingili iliyobonyea, ulionyesha faida kwa wenye alama ya chini ya −2.5 peke yao. Walio juu ya hapo hawakunufaika, na hapo ndipo thamani ya kupima inapoonekana. Kidonge humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji matupu, bila chai wala maziwa, na mgonjwa hukaa wima au kusimama nusu saa ili kisimchome umio. Figo zipimwe kwanza, na upungufu wa vitamini D utibiwe. Madhara makubwa, yaani kuoza kwa taya na kupasuka kwa paja kusiko kwa kawaida, yapo lakini ni adimu, na huongezeka dawa inapotumiwa miaka mingi. Ndiyo maana baada ya miaka mitano hivi daktari huangalia upya kama iendelee.

Yasiyohitaji dawa hayahitaji kipimo pia. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi ni vyanzo vizuri vya kalsiamu. Mchicha unayo, ila mwili hauinyonyi vizuri. Jua la kutosha huleta vitamini D, na wanaohitaji kuangaliwa ni wazee wasiotoka ndani na wanawake ambao ngozi yao haipati jua kabisa. Kutembea, kulima, kupanda ngazi na mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja huimarisha mfupa na mizani ya mwili. Mtoto wa jicho atolewe. Dawa za usingizi zipunguzwe. Bafu iwe na kishikio na sakafu isiyoteleza, na njia ya chooni iwe na taa.

Wakati wa kuyapanga haya ni sasa. Kenya iliingia katika Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024, na Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Vitita vya mafao bado vinafanyiwa kazi. Kitita kinapaswa kulipia dawa ya mifupa kwa aliyevunjika nyonga au pingili kwa udhaifu wa mfupa, bila sharti la DEXA. Kulipia DEXA kwa mwenye vihatarishi vilivyoandikwa na mganga, pamoja na rufaa kutoka wilayani. Na kutolipia kipimo cha kila mwaka kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa upande wa kliniki za mifupa, hatua ya kwanza haina gharama ya mashine. Kila mtu wa miaka 50 na zaidi anayefungwa plasta aandikiwe katika kadi yake jinsi alivyoanguka, dawa anazotumia, umri aliokoma hedhi, kimo chake siku hiyo, na tarehe ya kurudi kuulizwa habari ya mifupa yake, tarehe isiyozidi ile ya kufunguliwa plasta.